Mchungaji Anapoandamwa na Kundi Lake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu waumini, wazee wa kanisa, viongozi wa ngazi za juu na wachungaji wenyewe. Tukisema mchungaji tunamaanisha yeyote aliyekabidhiwa usharika aulee: padri, kasisi, mwinjilisti, awe mwanamume au mwanamke.

Kumkosoa mchungaji ni dhambi? Mbona siku hizi kila lawama inaitwa uhasama?

Si dhambi hata kidogo. Usharika usioweza kumwambia kiongozi wake kwamba amekosea uko pabaya kuliko usharika wenye maneno mengi. Mgonjwa asipotembelewa, semeni. Taarifa ya fedha isiposomwa, ulizeni, tena kwa sauti.

Ila ukosoaji na uhasama havifanani, na tofauti yake inaonekana kwa macho. Anayekosoa ana jambo mahususi, anajitaja jina, anamwendea mhusika, na jambo likirekebishwa anatulia. Mwenye uhasama hatulii. Ukimjibu hili anazua lile: leo ni mahubiri, kesho mavazi ya mke wa mchungaji, keshokutwa namna alivyomsalimia fulani msibani. Hataki jambo lirekebishwe. Anataka mtu aondoke, au abaki akiwa amenyenyekea kwake.

Na si jambo la leo. Waraka wa tatu wa Yohana, mojawapo ya nyaraka fupi kuliko zote katika Agano Jipya, unamtaja Diotrefe, aliyependa kuwa wa kwanza, akamsema mtume kwa maneno maovu, akakataa kuwapokea ndugu wageni, na waliotaka kuwapokea akawatoa kanisani. Kila aliyekaa muda mrefu kanisani amewahi kukutana na mtu wa namna hiyo.

Dalili za mwanzo ni zipi?

Kwa upande wa usharika, angalia vikao. Kikao rasmi kinafungwa kwa sala, kisha kingine kinaanza nje, watu wanne watano wamesimama karibu na magari, na mwingine akipita wanabadilisha mazungumzo. Baadaye huja karatasi zisizo na jina zilizosukumwa chini ya mlango wa ofisi. Kuna wanaozuia sadaka makusudi ili "ajue". Kuna anayenyanyuka na kutoka mchungaji anapopanda mimbarani, akahakikisha ameonekana akitoka.

Kwa upande wa mchungaji, angalia mabadiliko madogo. Aliyekuwa akihubiri kwa uhuru sasa anasoma neno kwa neno, kwa sababu anaogopa kila sentensi itakavyogeuzwa. Aliyekuwa akibaki mlangoni kusalimia watu sasa anapitia mlango wa nyuma. Na kama unataka kumjua mchungaji aliyeumizwa, mtazame simu yake inapoita: anaigeuza, anasoma jina, anapumua kwa nguvu, anaiacha iite mpaka ikome, kisha anakaa akiitazama.

Kwa nini kazi hii inawachosha watu kiasi hicho? Si wanahubiri mara moja kwa wiki?

Kuhubiri ndiyo sehemu inayoonekana. Wiki yake halisi ina mgonjwa wa saa nane usiku, wanandoa wanaotaka kuachana, kijana aliyefukuzwa nyumbani, bajeti isiyotosha, ugomvi wa kwaya, na maziko ambayo lazima aseme neno la faraja hata kama marehemu alikuwa rafiki yake naye mwenyewe angependa kulia. Mengi kati ya hayo ni siri, hawezi kumwambia hata mwenzi wake. Waajiri wake ni wengi, kila mmoja na matarajio yake. Mara nyingi nyumba anayolala ni mali ya kanisa, kwa hiyo akipoteza kazi anapoteza na makazi, na watoto wanapoteza shule. Mtu mwingine akigombana kazini hurudi nyumbani kupumua, akaenda kanisani kuombewa. Mchungaji kazini ni hukohuko kanisani, na nyumbani ni uani kwa kanisa.

Uchovu wa namna hii una historia katika utafiti. Mwaka 1974 mtaalamu wa saikolojia Herbert Freudenberger, huko Marekani, alieleza hali ya watu wa huduma waliojitoa mpaka wakabaki watupu. Mwaka 1981 Christina Maslach na mwenzake Susan Jackson walichapisha kipimo cha hali hiyo, chenye sura tatu: moyo kuchoka kabisa, kuanza kuwaona watu kama mizigo, na kuhisi kwamba kazi yako haina maana. Shirika la Afya Duniani liliiingiza hali hiyo mwaka 2019 katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ila ikielezwa kuwa ni hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Na Chuo Kikuu cha Duke, kilichoanza mwaka 2007 kufuatilia afya ya wachungaji wa Kimethodisti wa jimbo la North Carolina, Marekani, kilikuta sonona kwao iko juu kuliko kwa watu wa kawaida nchini humo.

Ile sura ya pili, kuwaona watu kama mizigo, ndiyo inayotutia hofu zaidi. Mchungaji aliyefika hapo anaweza kuendelea na ratiba yote, asikose ibada hata moja, huku moyo wake umeshaondoka. Ukiona mchungaji mpole ameanza kuwa na ulimi mkali, jiulize kwanza amebeba nini kabla hujasema amebadilika.

Mtumishi wa Mungu akichoka hivyo, si ni upungufu wa imani?

Basi imani ilimpungukia Musa, aliyemwambia Mungu kwamba hawezi kuwabeba watu wale peke yake na kwamba ni heri auawe. Ilimpungukia Yeremia, aliyelaani siku aliyozaliwa. Ilimpungukia Paulo, aliyewaandikia Wakorintho kwamba alilemewa hata akakata tamaa ya kuishi.

Msome Eliya taratibu, katika 1 Wafalme 19. Amekimbia tisho la Yezebeli, ameketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, chakula tena. Baada ya usingizi, chakula na safari ya siku 40 ndipo akaulizwa swali: unafanya nini hapa, Eliya? Na mwisho akapewa mwenzake, Elisha. Usharika unaotaka kumsaidia mchungaji aliyevunjika moyo ufuate mpangilio huohuo: alale, ale, aachwe kidogo, ndipo aulizwe maswali, kisha apewe mtu wa kufanya naye kazi. Sisi huwa tunaanza na maswali.

Kuna jambo jingine katika sura hiyo. Eliya alisema amebaki peke yake, naye Mungu akamjibu kwamba wapo 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti. Karibu kila usharika wenye mgogoro una elfu saba wake: watu wema, wengi, wanaompenda mchungaji wao, na ambao yeye hana habari nao kwa sababu hawajawahi kufungua kinywa.

Charles Spurgeon, mhubiri wa London wa karne ya 19 aliyevuta maelfu, aliishi na huzuni nzito kwa miaka mingi. Oktoba 1856, akiwa na umri wa miaka 22, mtu mmoja alipiga kelele za uongo za moto katika ukumbi alimokuwa akihubiri. Watu wakakanyagana, 7 wakafa, na magazeti yakamshambulia. Jeraha lile hakulificha. Baadaye aliwafundisha wanafunzi wake wa uchungaji waziwazi kwamba mhubiri naye huzimia moyo.

Mimi ni muumini wa kawaida, sina cheo chochote. Nitafanya nini?

Wewe ndiye tunayetaka sana kuzungumza naye.

Mara nyingi mchungaji haangushwi na wingi wa maadui. Wanaomwandama ni wachache. Kinachowapa nguvu ni wale wengine wote wanaosema "mimi sitaki kujiingiza". Mchache anayesema kila siku anasikika kama umati, na wengi walionyamaza wanahesabiwa upande wake. Anayesimama mimbarani akitazama nyuso hana namna ya kujua ni ukimya gani wa upendo na ni upi wa kukubaliana na adui.

Kwa hiyo anza kusema. Mwambie mchungaji wako jambo mahususi. "Tunakuombea" ni neno jema, lakini amelisikia hata kwa wanaompiga vita. Mwambie: ulichosema kwenye maziko ya baba kilinisimamisha, bado nakikumbuka. Mwandikie, utie jina lako. Anayepokea karatasi zisizo na jina ataitunza barua yenye jina kwa miaka.

Pili, vunja mnyororo wa maneno. Unakwenda hivi. Ibada imekwisha, dada mmoja anakuvuta pembeni:

"Unajua watu hawaridhiki kabisa na huyu mchungaji?"

"Watu gani, dada?"

"Aa, wengi tu. Sitaki kutaja majina."

"Na wewe mwenyewe, una jambo gani naye?"

Hapo kwa kawaida kuna kimya kifupi. Ikiwa ana jambo, atalisema, na pengine ni la kweli: alifiwa, mchungaji hakuja. Basi mwambie, "Pole sana. Twende wote ukamwambie, nitakaa nawe." Ikiwa hana jambo, atabadilisha mazungumzo, na siku hiyo maneno yamekufa mikononi mwako. Kwa vyovyote vile umesaidia, na hukugombana na mtu. Usikubali kutishwa na "lisemwalo lipo". Mengi yasemwayo hayapo. Yapo kwa sababu yanasemwa.

Tatu, simama hadharani mara moja inapobidi. Yeremia alipotupwa katika shimo la matope, aliyemwokoa ni Ebedmeleki, Mkushi aliyehudumu katika nyumba ya mfalme. Alimwendea mfalme akiwa ameketi langoni, akamwambia waziwazi kwamba watu hawa wamefanya uovu. Alipopewa ruhusa alikwenda na kamba, na akachukua vitambaa vikuukuu na nguo zilizochakaa, akamwambia Yeremia aziweke makwapani ili kamba zisimchubue. Tunaipenda sana habari hii kwa sababu ya vile vitambaa. Alikuwa na ujasiri wa kusema, na bado akafikiria ngozi ya mtu.

Kwani maombi hayatoshi?

Ombeni, tena kwa kumtaja jina. Kisha someni Kutoka 17: mikono ya Musa ilipokuwa mizito, Haruni na Huri walileta jiwe akae, wakaishika mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likachwa. Kumwombea mchungaji apate nguvu huku umemwachia mzigo uleule ni kumwomba Mungu afanye kazi uliyopewa wewe.

Kundi letu la WhatsApp limekuwa uwanja wa kumchambua mchungaji. Tufanyeje?

Kundi la usharika liwe la matangazo, pole, hongera na maombi. Wasimamizi waandike hivyo mara moja, kwa adabu, bila kumlenga mtu: malalamiko juu ya mtumishi yeyote hayajadiliwi hapa, yapelekwe kwa mzee fulani. Atakayeendelea azungumzwe naye faraghani kwanza. Msimjibu kundini mkamgeuza shujaa. Na usimtumie mchungaji picha za yaliyoandikwa juu yake "ili ajue". Unamwumiza mara ya pili.

Sisi ni baraza la wazee. Wajibu wetu ni upi?

Wajibu wa kwanza ni kuweka njia ya malalamiko kabla mgogoro haujafika. Kanisa lisilo na njia rasmi linailazimisha kila hasira ipite vichochoroni. Njia yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Malalamiko yawe na jina. Mlalamikaji aende kwanza kwa mhusika, kama Mathayo 18 inavyoelekeza, isipokuwa pale ambapo ni hatari kwake kwenda peke yake. Asiporidhika, aje kwa wazee wawili walioteuliwa kwa kazi hiyo, na apate jibu katika muda uliotajwa. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unakataza kupokea mashtaka juu ya mzee pasipo mashahidi wawili au watatu, na mstari unaofuata unaagiza kwamba waliotenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Mistari hiyo isomwe pamoja. Wanaoupenda wa kwanza tu wanaficha uovu, na wanaoupenda wa pili tu wanatafuta damu.

Karatasi isiyo na jina isisomwe kikaoni kama hoja. Hapa panahitaji busara, kwa maana mtu dhaifu anaweza kuogopa kuandika jina kwa sababu nzuri, hasa akiwa amedhuriwa. Tuhuma ya kudhuru mtu ifuatiliwe hata ikija bila jina. Ila "mahubiri yake hayana upako", bila jina, itupwe.

Mtaalamu wa magonjwa ya akili Murray Bowen alieleza kwamba watu wawili wakikosa raha baina yao hupenda kumvuta wa tatu ili joto lipungue. Wazee ndio huvutwa kila siku. Mtu anakuletea hasira yake, anaondoka amepoa, wewe unabaki nayo, unampelekea mchungaji ikiwa imekwisha kupoteza mwenyewe. Kataa kuwa tarishi. Kauli ya "kuna malalamiko, lakini siwezi kusema ni ya nani" haina faida yoyote. Inampa mchungaji usharika mzima wa kushuku.

Wajibu wa pili ni kugawana kazi. Musa alipolia kwamba mzigo umemlemea, Mungu hakumwongezea nguvu tu, alimpa wazee 70. Kaeni chini na mchungaji, andikeni kila anachofanya kwa mwezi, na mwondoleeni kile ambacho hakuhitaji kuwekewa mikono ili kukifanya: funguo, mafundi, risiti, ratiba za ukumbi. Msimwulize "tukusaidie nini?" Mtu aliyechoka hawezi kujibu swali hilo.

Wajibu wa tatu ndio mgumu. Mkishachunguza na kukuta hana kosa, semeni. Simameni mbele ya ibada, au toeni waraka, mkitamka: tulipokea tuhuma hizi, tulizichunguza hivi, hatukukuta ukweli. Mabaraza mengi hufanya uchunguzi mzuri halafu huishia kumnong'oneza mchungaji kwamba "tumeyamaliza". Aliyesemwa hadharani na kusafishwa sirini hajasafishwa.

Na kama tuhuma ni za kweli?

Basi ukweli utangulie. Tuhuma za kumdhulumu mtoto, za unyanyasaji wa kingono, za vipigo au za wizi wa fedha hazimalizwi na kamati ya maridhiano wala kwa kuombeana msamaha. Zinapelekwa kwenye vyombo vya sheria na kwa mamlaka ya kanisa, mchungaji anakaa kando wakati wa uchunguzi, na aliyedhuriwa analindwa kwanza. Yote tuliyosema juu ya kumtetea mchungaji hayampi mtu yeyote ngao ya kujifichia. Anayemwita kila mlalamikaji "adui wa mtumishi wa Mungu" anawadhuru pia wachungaji waaminifu, maana anawafanya watu wasiamini mchungaji yeyote anaposingiziwa kweli.

Makosa ya kawaida, kama kusahau, kuchelewa, neno kali, au uamuzi uliokosa ushauri, hayo yazungumzwe kwa utaratibu, aombe radhi, maisha yaendelee.

Familia yake inahusikaje?

Inahusika kuliko inavyostahili. Mwenzi wa mchungaji anasikia yote na hana kikao anachoweza kujitetea. Watoto wanasoma katika nyuso za watu kwamba baba au mama hatakiwi. Mtoto wa mchungaji akiulizwa na mtu mzima, "Baba yako atahama lini?", anakwenda nalo kitandani.

Msiwatumie kama njia ya ujumbe. Msihesabu mahudhurio yao. Rafiki wa kweli wa mke wa mchungaji, mmoja tu, asiyemdadisi habari za ofisini, ni hazina. Na watoto waacheni wawe watoto.

Likizo na siku ya mapumziko: si kujidekeza?

Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi waende faraghani wapumzike kidogo, kwa sababu waliokuwa wakija na kuondoka walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawakupata. Katika Kanisa Katoliki, kanuni ya 533 ya sheria ya mwaka 1983 inamruhusu paroko likizo ya hadi mwezi mmoja kila mwaka, na siku za mafungo ya kiroho hazihesabiwi humo. Makanisa mengine yana taratibu zake. Shida kubwa hailetwi na uhaba wa taratibu. Likizo ipo kwenye karatasi, na mchungaji anaogopa kuichukua kwa sababu anajua nini kitapangwa akiwa hayupo.

Kwa hiyo baraza liweke jambo moja bayana: hakuna kikao kinachomhusu mchungaji kitakachofanyika akiwa likizoni, labda iwe dharura ya kisheria. Simu yake apewe mtu mwingine. Siku yake ya mapumziko kila wiki itangazwe, na msiba ukitokea siku hiyo, mzee wa zamu aende kwanza.

Mimi ndiye mchungaji mwenyewe. Nimechoka, na Jumapili ijayo lazima nisimame tena. Nianzie wapi?

Pole sana. Unachopitia kina jina, na wengi wamepita humo.

Usiwajibu kutoka mimbarani. Tunajua hamu ilivyo kubwa, na andiko linaonekana limejileta lenyewe. Lakini mimbari haina nafasi ya wao kujibu, na wale wasiohusika, ambao ndio wengi, wataumia bila kujua kwa nini.

Andika kumbukumbu: tarehe, nani alisema nini, nani alikuwepo. Andika ukweli tu, bila hukumu. Itakusaidia usibabaike utakapoulizwa, na itakuonyesha pia kama adui ni wengi au ni sauti ileile inayojirudia.

Tafuta mtu nje ya usharika wako. Mchungaji wa mahali pengine, mlezi wa kiroho, mshauri nasaha. Waumini wako wanaweza kukupenda sana, lakini hawawezi kuwa pa kumwagia haya, kwa maana ukimwaga kwao umewagawa.

Katika lawama kumi tafuta ile moja iliyo kweli, uifanyie kazi kimyakimya. Zile nyingine huna deni nazo.

Na mwendee daktari. Usingizi uliopotea kwa wiki kadhaa, kifua kubana, chakula kukosa ladha, machozi yasiyo na sababu au kushindwa kulia kabisa, pombe au dawa za usingizi kugeuka mazoea: hayo yanahitaji mtaalamu wa afya. Ikiwa umeanza kuwaza kwamba ingekuwa afadhali usingekuwepo, mwambie mtu leo, kabla ya ibada, kabla ya kikao. Ibada itaongozwa na mwingine.

Nikisikia mchungaji wangu anasema maneno ya kukata tamaa ya kuishi?

Mwulize waziwazi: je, unafikiria kujiua? Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa ruhusa ya kulisema. Akikubali, usimwache peke yake, mhusishe mwenzi wake au ndugu wa karibu, ondoeni vitu hatari karibu naye, na mfikisheni hospitali au kwa huduma ya dharura siku hiyohiyo. Msimhubirie, wala msiahidi kuficha siri. Baadaye, akirudi, msimwangalie kama mtu aliyeharibika.

Kumhamisha si ndiyo suluhisho rahisi?

Ni rahisi kwa wanaohamisha. Wakati mwingine ni sahihi pia: mtu amemalizika, familia inateketea, na uhusiano hautengenezeki. Sheria ya Kanisa Katoliki inalitambua hilo. Kanuni za 1740 na 1741 zinaruhusu paroko kuondolewa hata bila kosa zito lake, ikiwa chuki dhidi yake haionekani kwisha karibuni. Lakini askofu analazimika kwanza kujadili suala hilo na mapadri wawili waliowekwa kwa kazi hiyo, na kumpatia anayeondolewa kazi nyingine au riziki. Haki hizo mbili, kusikilizwa na kutotupwa, kila dhehebu lingepaswa kuwa nazo.

Historia ina mengi ya kutufundisha hapa. Gregori wa Nazianzo alijiuzulu uaskofu wa Konstantinopoli mwaka 381, amechoshwa na mabishano ya maaskofu wenzake. Yohane Krisostomo, askofu wa mji uleule baadaye, alipelekwa uhamishoni mwaka 404 na akafa njiani mwaka 407 akilazimishwa kutembea huku anaumwa. Jonathan Edwards, mhubiri wa Marekani, alifukuzwa na usharika wake wa Northampton, Massachusetts, mwaka 1750 baada ya miaka 23, katika mgogoro kuhusu nani aruhusiwe kushiriki Meza ya Bwana. Baada ya kumfukuza, usharika ulikosa mhubiri, ukaendelea kumwomba ahubiri Jumapili moja moja, naye akakubali. Binamu yake Joseph Hawley, aliyekuwa mstari wa mbele kumwondoa, alitoa barua ya hadharani ya kuungama kosa lake mwaka 1760. Edwards alikuwa amekufa mwaka 1758.

Askofu au mwangalizi anayehamisha kila mchungaji anayelalamikiwa anaufundisha usharika kwamba kelele zinafanya kazi. Kabla ya kuhamisha, aje mwenyewe, akae siku kadhaa, awasikilize hata wale wasioomba kusikilizwa. Na ikiwa usharika mmoja umepoteza wachungaji watatu mfululizo kwa namna ileile, asiwachunguze wachungaji peke yao.

Mchungaji wetu ameondoka akiwa ameumia, na mwingine anakuja. Tuanzeje?

Msimpokee mpya kabla hamjamalizana na aliyeondoka. Lipeni malimbikizo ya mshahara wake yote. Mwandikieni barua ya kumbukumbu ya utumishi inayotaja mema aliyoyafanya kwa ukweli. Kama baraza lilikosea, liseme kwa maandishi, lisisubiri kusemea kaburini. Ombeni ngazi ya juu iwapeni mtu wa kushika nafasi kwa muda, asiyetafuta kubaki, awasikilize watu na kuwasaidia kusema yaliyotokea bila kutafuta mbuzi wa kafara.

Kisha, mchungaji mpya atakapofika, mpeni wiki ya kwanza majina ya wazee wawili wanaopokea malalamiko, tarehe ya likizo yake ya kwanza, na nakala ya utaratibu mliouandika. Na yule atakayemwendea siku ya pili kumweleza "ukweli wote" juu ya aliyemtangulia, mwambieni mapema kwamba mlango wa kwanza wa kubisha ni wa wazee hao wawili.